Siku Niliyosema "Zimejaa"

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Methali hii nimeisikia nyumbani kwetu tangu utoto, nami nilidhani yawahusu wafanya biashara tu, watu wenye maduka na masanduku ya fedha. Sikujua kwamba umeme nao ni mali, wala kwamba siku moja nitaumaliza umeme wa watu wengine bila habari. Wasomaji wenzangu, nataka kuwasimulieni jambo hilo, ingawa halinipi sifa yo yote.

Kwanza niwaambieni habari za Baba mdogo, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa. Baba mdogo alikuwa na kibanda cha kuchaji simu katika mtaa wa Mchesi, mjini Lilongwe. Wale wanaoujua mtaa ule wanajua jinsi ulivyojaa watu: wauza nguo, wauza samaki wakavu, vinyozi, mafundi wa redio na wa baiskeli. Huko husikia Kichewa mbele yako, Kiswahili cha Kongo nyuma yako, na Kirundi upande wa pili wa njia. Nilikuwa nikikaa kwa Baba mdogo wakati wa likizo, na kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mteja akileta simu, nilimpa kikaratasi chenye namba, na kikaratasi cha pili chenye namba ile ile nilikifunga kwenye simu kwa mpira. Kisha niliandika katika daftari: namba, saa ya kuingia, na hali ya betri ilipoingia. Simu ilipotoka niliandika tena. Baba mdogo alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini kwa daftari lile hakuwa na mchezo. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usimwambie mtu 'imejaa' kwa sababu umechoka kungoja. Washa uone kwa macho yako, ndipo useme."

Mwezi wa Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la mtambo wa umeme wa Kapichira katika mto Shire. Mtambo ule peke yake ulikuwa ukitoa wati milioni 129 na zaidi, na nchi yote ilitikisika kwa kukosa umeme. Mchesi tulikaa gizani saa nyingi kila siku. Baba mdogo alinunua paneli ya jua ya wati 100, betri ya gari na inveta, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Watu walipanga foleni mpaka njiani. Siku hizo niliona kwamba mtu mwenye umeme, hata awe mdogo, huitwa bwana. Neno hilo lilinipendeza mno, na ndilo lililokuja kuniponza.

Katika mwaka 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Baba mdogo alifunga kibanda, akaifunga paneli yake katika blanketi, akaja nayo Dzaleka tulipokuwa sisi. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, yapata kilometa 50 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na siku hizi tumepita 50,000. Baba mdogo alianza upya karibu na soko, kwa paneli ile ile na daftari jipya.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mwezi wa Novemba 2024, wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, walikuja watu watatu kutoka Lilongwe kupiga picha kijiji kimoja kilicho jirani nasi. Walikuja na ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ile iitwayo droni. Walitaka kutengeneza ramani ya kuonyesha maji ya mvua yanapita wapi, na nyumba zipi ziko hatarini, ili kamati ya kijiji ijue mahali pa kuchimba mifereji kabla ya masika. Waliomba shule iwape kijana mmoja wa kuwasaidia kubeba vitu na kutazama betri. Mwalimu wetu wa fizikia alinitaja mimi, kwa kuwa alijua kazi za Baba mdogo. Nikapewa barua ya ruhusa, nikaenda.

Pengine msomaji atauliza, je, droni ni jambo la Malawi kweli? Naam, ni jambo la kwetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 serikali na UNICEF walifanya majaribio Lilongwe ya kuona kama droni yaweza kubeba sampuli za damu za watoto wachanga kutoka kituo cha afya mpaka hospitali kuu ya Kamuzu, mwendo wa kilometa 10. Mwezi wa Juni 2017 ulifunguliwa huko Kasungu ukanda maalumu wa kujaribia droni, wa kwanza wa namna yake katika Afrika. Mwezi wa Januari 2020 chuo cha kufundishia vijana kazi hii kilifunguliwa papa hapa Lilongwe. Na ndugu zetu wa Tanzania hawakuwa nyuma: Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi na wenyeji walichora ramani za mitaa inayofurika katika mradi wa Ramani Huria, na Zanzibar, kuanzia 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni.

Rubani wa droni ile alikuwa mwanamke kijana wa Kimalawi. Sisi sote tulimwita Achemwali, ndiyo kusema "dada" kwa Kichewa, naye aliniita Achimwene, ingawa mimi ni mdogo kwake. Pamoja naye walikuwapo mpima ardhi mmoja mzee na dereva. Walikuwa na betri sita za droni. Kila moja iliandikwa wati-saa 59. Mtengenezaji anasema betri kama ile yaweza kuirusha droni dakika 31, lakini Achemwali alinicheka nilipolisoma hilo. Alisema, "Hizo ni dakika za mahali pasipo na upepo. Hapa hesabu 20, na nyingine ziache za kurudia nyumbani."

Ijumaa asubuhi tulifanya kazi vizuri. Droni ilipanda kama mita 100, ikaenda na kurudi juu ya mashamba kama mtu anayelima matuta. Watoto walikimbia chini yake wakipiga kelele. Mimi kazi yangu ilikuwa chini ya mwembe, penye vyombo vya umeme: paneli ya jua ya kukunja ya wati 100, betri ya gari ya akiba yenye volti 12 na ampea-saa 60, na inveta. Betri ile ya akiba ilikuwa mbali na betri ya kuwashia gari, ili tusije tukakwama njiani.

Achemwali alinifundisha mambo ambayo hata kwa Baba mdogo sikuyajua. Betri ya droni ikitoka angani huwa ya moto. Usiichomeke hapo hapo, ila iache kivulini mpaka ipoe ndipo uichaji. Betri iliyovimba usiichaji kamwe, hata kama bado inafanya kazi, maana lithiamu ikishika moto haizimiki upesi. Wakati wa kuchaji usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, nawe usiende mbali. Weka ndoo ya mchanga karibu. Na kama huitumii kwa siku nyingi, usiihifadhi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu, bali iache karibu na nusu.

Tena alinionyesha taa nne ndogo zilizo ubavuni mwa kila betri. Betri ikiwa inachajiwa taa hizo humeta-meta. Ikijaa, zote huzimika. Ukitaka kujua kiasi kilichomo, bonyeza kitufe mara moja: taa nne zikiwaka imejaa, taa moja ikiwaka imekwisha. Jambo hilo ni dogo, lakini naomba msomaji alishike, kwa sababu ndilo lililonianguka.

Mchana mawingu yalikusanyika, na paneli ikawa haitoi kitu cha maana. Betri zote sita zilikuwa zimetumika. Kazi iliyobaki ilikuwa upande wa pili wa kijito, bondeni kwenye majimaji, mahali paitwapo dambo kwa Kichewa. Gari halikuweza kuvuka kule. Ilikuwa lazima kwenda kwa miguu karibu saa nzima. Achemwali alikaa juu ya jiwe, akapiga hesabu, kisha akaniita.

"Achimwene," alisema, "kesho nataka betri nne. Hii ya akiba yaweza kujaza nne na si zaidi. Ukitaka kuchomeka kitu kingine, niambie kwanza."

Nikajibu, "Ndiyo, Achemwali."

Tulilala katika uwanja wa mfumu wa kijiji. Kijiji kile hakina umeme. Jua lilipokwisha kutua, nilizipanga betri nne kwenye chaja yao, ile inayojaza moja ikifuata nyingine, nikawasha inveta. Taa za betri ya kwanza zikaanza kumeta gizani.

Haikupita nusu saa nikasikia mtu anabisha, "Odi!" Alikuwa bibi mzee, agogo wa kijiji kile, ameshika simu ndogo iliyofungwa kwa mpira isiachane. Alisema mwanawe yuko Joni, yaani Johannesburg, na kwamba humpigia simu mwisho wa juma, lakini simu imezimika tangu jumatano, kwa kuwa mwenye paneli kijijini amesafiri. Alikuwa amevuka kijito gizani kuja kwetu. Nilitazama simu ile. Nilijua kwamba simu ndogo ya vitufe haili umeme mwingi. Nikaichomeka.

Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na habari ya kuandika leo. Lakini habari za umeme hutembea upesi kijijini. Baada ya agogo alikuja kijana, na baada ya kijana mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya mwalimu wanawake wawili na watoto wao. Karibu wote walitoka ng'ambo ya kijito. Kila mmoja alisalimu kwa adabu, akapiga goti kidogo, akatoa simu kwa mikono miwili. Mmoja akaniita "Bwana wa magetsi," maana yake bwana wa umeme. Watu wakacheka kwa furaha, nami nikacheka nao.

Kusema kweli, wasomaji wangu, moyo wangu ulivimba kama zile betri mbovu. Kambini mimi ni kijana mmoja katika maelfu. Tumezoea kupanga foleni: foleni ya maji, foleni ya chakula, foleni ya karatasi. Usiku ule watu walipanga foleni kwangu. Niliona haya kumwambia mtu "hapana," na zaidi niliona haya kumwendea Achemwali na kumwuliza, kwa kuwa kuuliza kungeonyesha kwamba umeme si wangu. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimechomeka simu kumi na moja, saba kati yake zikiwa kubwa za kioo. Sikuandika cho chote po pote. Watu walipochukua simu zao walinishukuru mno, wakaenda. Nami nikalala fofofo kando ya inveta.

Inveta ina desturi ya kulia kabla ya kujizima, betri inapokaribia kwisha. Bila shaka ililia. Mimi sikusikia.

Niliamka alfajiri. Nikatazama chaja: taa zote zimezimika, betri zote nne ziko kimya. Moyo wangu ukaniambia, zimejaa. Lakini moyo huo huo ulikuwa unajua jambo jingine, kwamba taa huzimika betri ikijaa, na huzimika vile vile umeme ukikatika. Kubonyeza kitufe ni kazi ya nukta moja. Sikubonyeza, kwa sababu niliogopa nitakachokiona. Nikazitia betri mfukoni.

Achemwali akaja akinawa uso. "Tayari?" akauliza.

"Zimejaa zote, Achemwali."

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

Hilo ndilo neno lenyewe. Si la bahati mbaya wala la kutojua. Lilikuwa uongo, nami nililisema nikiwa macho, hali nimeshika betri mkononi.

Tulivuka kijito, tukatembea karibu saa nzima, tukapanda kilima kidogo mpaka mahali palipofaa kurushia. Betri ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili imejaa. Nikaanza kupumua. Ya tatu ilipungua, lakini Achemwali hakusema neno, akairusha kwa muda mfupi na kuirudisha. Alipoitia ya nne akakitazama kioo chake, akakitazama tena. Kisha akaitoa, akabonyeza kitufe. Iliwaka taa moja.

Mpima mzee akasema, "Labda ile betri ya akiba imezeeka." Achemwali akasema, "Labda." Akanitazama. Mimi nilikuwa natazama chini, nikifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Kurudi garini ni saa nzima. Kuichaji betri kwa kuwasha injini ya gari ni saa moja na zaidi, na kurudi kilimani saa nyingine. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Gari lilikuwa limekodiwa mpaka jioni ile tu, na ruhusa ya kurusha ilikwisha siku hiyo. Mvua ilianza tukiwa njiani. Sehemu ya bondeni, yapata nyumba 30, haikupigwa picha. Walirudi Lilongwe, nami nikarudi nyumbani na siri yangu.

Baba mdogo hakuhitaji kuambiwa mengi. Nilipomsimulia kwamba betri ya akiba "ilizeeka," aliniuliza swali moja tu: "Zilikuwa simu ngapi?"

Nikanyamaza. Akafungua daftari nyuma, akachukua kalamu, akaniandikia hesabu ambayo nimeinakili hapa, kwa faida ya ye yote atakayekwenda porini na betri.

Volti 12 mara ampea-saa 60 ni wati-saa 720. Mjinga hugawanya 720 kwa 59, akasema, "Nina betri kumi na mbili." Lakini betri ya gari ni ya risasi na asidi, ukiifyonza kupita nusu mara kwa mara utaiua, na inveta nzuri hujizima mapema. Basi iliyo halali ni 360. Katika hizo, inveta na chaja nazo hula sehemu yao, kwa joto unalolisikia ukizigusa. Chukua moja ya tano. Zimebaki 288. Gawanya kwa 59: ni nne, na sehemu ya tano isiyotimia. Hivyo Achemwali alihesabu sawasawa kabisa.

Sasa simu. Simu kubwa ya kioo hula kama wati-saa 15 ikiwa tupu, na ndogo ya vitufe kama 4. Saba kubwa ni 105, nne ndogo ni 16, jumla 121. Toa katika 288, zimebaki 167. Gawanya kwa 59: ni betri mbili kamili, na ya tatu isiyojaa. Baba mdogo aliweka kalamu chini. Hesabu ilikuwa imesema kila kitu kilichotokea kilimani, na yeye hakuwapo.

"Kuwapa watu umeme si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe ningempa yule bibi. Kosa lako ni kwamba uligawa bila kuhesabu, kisha ukasema bila kutazama. Yule dada alipanda kilima juu ya neno lako."

Usiku ule nilimwandikia Achemwali ujumbe mrefu kwa simu ya Baba mdogo, nikamweleza yote, hata lile neno "nimebonyeza." Siku mbili hakujibu, nami siku zile mbili sikula vizuri. Siku ya tatu alijibu kwa ufupi. Alisema kwamba alikwisha kujua tangu kilimani, kwa kuwa usiku alisikia watu wakishukuru, na kwamba alikuwa anangoja nimwambie.

Lakini hayo yalikuwa kati yangu na yeye. Yaliyobaki yalikuwa makubwa zaidi. Kamati ya kijiji ilipata ramani, nayo ilikuwa nzuri. Walichimba mifereji kwa kuifuata, na karatasi za plastiki za kufunikia nyumba ziligawiwa kwa kuifuata. Nyumba zisizokuwamo katika ramani hazikuwamo katika orodha. Wale wa bondeni walihesabiwa baadaye kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na orodha yao ilitimia baada ya majuma matatu. Katika majuma hayo mvua haikungoja. Sisi sote tunakumbuka mwezi wa Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoua mamia ya watu kusini mwa nchi hii, wengi wao kwa maji na matope yaliyoshuka milimani usiku. Kila mvua kubwa iliponyesha nililala nikiwaza nyumba zile 30.

Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini mwezi wa Desemba nilisikia kwamba jiko la yule agogo limeanguka ukuta. Nikamwomba Baba mdogo anisindikize kwenda kumwona.

Tulimkuta amekaa barazani, anapukuchua mahindi. Ukuta wa jiko ulikuwa umelala chini kama mtu aliyechoka. Alinitambua mara moja, akaita wajukuu, "Njooni mwone Bwana wa magetsi!" Neno lile lililonipendeza mno mara ya kwanza, safari hii lilinichoma. Aliniambia kwamba mwanawe alipiga simu usiku ule ule, wakazungumza mpaka salio likaisha, na kwamba sasa ana mjukuu mpya huko Joni ambaye hajamwona.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba simu zile ndizo zilizokula umeme wa ndege, na kwamba mimi nilijua nami nilinyamaza, na kwamba kwa hiyo nyumba yake haikuingia katika ramani. Nilitazamia atakasirika. Aliendelea kupukuchua mahindi kitambo kidogo. Kisha akasema hivi, nami najitahidi kuyatia maneno yake katika Kiswahili:

"Mwanangu, kwa nini hukutuambia kwamba ni kidogo? Sisi twaijua ndoo iliyo nusu. Kisimani kila siku tunagawana. Ungesema, 'Ni ya simu mbili tu,' tungechagua wenyewe ni zipi."

Sikuwa na jibu. Usiku ule kwenye inveta niliona njia mbili tu, kuwapa wote au kuwanyima wote, na kwa kuwa sikuweza kunyima nilitoa vyote. Njia ya tatu, ya kusema kweli, "Ninacho kiasi hiki," na kuwaachia watu wazima waamue, haikunijia kabisa. Niliwahurumia watu wale, lakini sikuwaheshimu. Nao walikuwa ndio wajuzi wa kugawana, kuliko mimi niliyejiita bwana.

Mimi na Baba mdogo tulirudi jumamosi iliyofuata na vijana wenzangu watatu wa kidato chetu, tukasaidia kuusimamisha ule ukuta. Haikuwa kazi kubwa, wala haikurudisha majuma yale matatu.

Mwaka huu wapima ramani walipokuja tena walinitaka mimi, jambo ambalo sikulitazamia. Nilikwenda na daftari. Nimechora mistari minne: saa, namba ya betri, taa ngapi ilipoingia, taa ngapi ilipotoka. Chini yake nimeacha nafasi ya umeme wa watu wa kijiji. Kila jioni namwuliza Achemwali, "Leo ni simu ngapi?" Naye hupiga hesabu na kuniambia, tano, au mbili, au hakuna. Kisha nawaambia watu idadi hiyo, nao hushauriana wenyewe. Mpaka leo sijaona ugomvi hata mmoja. Mara nyingi huanza na mwenye mgonjwa, au mwenye mtoto aliye mbali.

Nasi tuliomo shuleni tunakaribia mitihani yetu ya mwisho, na baada yake kila mmoja atakabidhiwa kitu cha watu wengine: fedha za chama, dawa za zahanati, darasa la watoto, au pengine betri nne tu. Siku hiyo mtu atamwuliza, "Umebonyeza?" Nami namwomba kila msomaji wa gazeti letu abonyeze kwanza, aone kwa macho yake, ndipo ajibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne